Mzee Akipewa Ruhusa, Nani Anampokea?

Leo naanza na ujumbe wa msomaji wa Mbagala. Nimeufupisha, sijauongezea chumvi:

"Dada shikamoo. Mama ana miaka 74. Alipata kiharusi, akalazwa hospitali ya wilaya, wakampa rufaa kuja hospitali kubwa hapa Dar. Leo daktari kasema anaendelea vizuri, Ijumaa anaweza kuruhusiwa. Tumekubaliana aende kwa kaka Iringa, kwa sababu mimi nina vyumba viwili vya kupanga na wote tunashinda kazini. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kila mtu anaandika Mungu ni mwema. Mimi peke yangu naogopa. Nakosea?"

Marahaba mdogo wangu. Hukosei. Na wanaoshukuru nao hawakosei, maana kutoka salama kwenye kiharusi si jambo dogo. Ila tuelewane. Daktari anaposema mama aruhusiwe, hajasema mama amepona. Amesema ile sehemu ya matibabu iliyohitaji kitanda cha wodi imekwisha, iliyobaki mtaifanyia nyumbani. Hapo ndipo pa kuuliza: ataifanya nani?

Hesabu na mimi. Wodini kuna muuguzi anayepita alfajiri kupima presha na sukari. Kuna anayeleta vidonge kwa saa. Kuna anayejua kwamba mama asiachwe amelalia ubavu mmoja usiku kucha. Kuna daktari wa raundi anayeuliza jana alipata choo, leo amekula nini. Akitoka Ijumaa, kazi zote hizo zinahamia Iringa, na kwa ninavyozijua familia zetu, hazihamii kwa kaka. Zinahamia kwa wifi. Kaka ataoga, atakunywa chai, ataaga. Wifi atabaki na mgonjwa ambaye hakuna aliyemweleza lolote kumhusu, na kwenye lile kundi la ukoo lililoamua "mama aende Iringa" huenda hata hayumo.

Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi, mpigie wifi yako. Mpigie wewe, usimtume kaka. Muulize kama ataweza, anahitaji nini, nani atamshika mkono siku akichoka au akiugua mtoto. Akiweza kuja Dar siku mbili tatu kabla, mchangieni nauli aje, akae wodini, amgeuze mama kwa mikono yake na amlishe kwa mikono yake huku muuguzi anatazama na kumsahihisha. Asipoweza, muombe muuguzi akuruhusu umpigie wifi kwa video wakati mama analishwa. Wauguzi wengi hawakatai ukiwaomba vizuri, tena mapema, siyo wakati wanakabidhiana zamu.

Msidhani haya ni matatizo ya nchi maskini peke yake. Mwaka 2009 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa utafiti juu ya wagonjwa wa Medicare, ile bima ya serikali ya Marekani ambayo wanachama wake wengi ni watu wa miaka 65 kwenda juu. Karibu mmoja kati ya kila watano walioruhusiwa alirudi kulazwa ndani ya siku 30. Na kati ya waliokuwa wamelazwa kwa maradhi yasiyo ya upasuaji kisha wakarudi, nusu hawakuwa na kumbukumbu yoyote ya kumwona daktari tangu siku waliyotoka. Hao ni watu wenye bima. Wameachwa katikati, baada ya mlango wa wodi na kabla ya mlango wa kliniki.

Daktari mmoja wa Colorado, Eric Coleman, akajaribu jambo la kawaida kabisa. Akawapa wazee na jamaa zao mtu wa kuwaelekeza kwa wiki chache: wazijue dawa zao, wawe na daftari lao wenyewe la kumbukumbu za ugonjwa, wahudhurie miadi mapema, na wazifahamu dalili za hatari. Alipochapisha matokeo mwaka 2006, ilionekana walioelekezwa waliorudi kulazwa walikuwa wachache kuliko wale wasioelekezwa. Hakuna mashine ya mabilioni hapo. Mambo hayo manne yanafanyika Mbagala, yanafanyika hata Iringa.

Sasa tazama safari ya mama yako. Ameanzia hospitali ya wilaya, akaja hospitali ya rufaa, siku chache zijazo yuko nyumbani kwa kaka, halafu ataanza kliniki Iringa. Kila mahali wamemfungulia faili jipya, na mafaili hayo hayazungumzi. Daktari wa Iringa hatajua aliyoandika daktari wa Dar isipokuwa kuna mtu amembebea. Aliyekuwepo vituo vyote ni mama mwenyewe, ambaye sasa hivi ulimi umekuwa mzito, na nyinyi wanawe mliopokezana. Leo alikuwepo mdogo wako, juzi shangazi, wiki iliyopita wewe. Kila mmoja ana kipande cha habari. Chagueni mmoja awe na habari yote. Asiwe mwenye sauti kubwa kwenye kikao, wala mwenye hela. Awe yule anayeandika vitu na anayepokea simu. Wengine wote wakisikia jambo la mama, wampe yeye.

Huyo mmoja anunue daftari la kurasa 96 na aandike kwa kalamu. Simu huibwa na chaji huisha.

Tuje kwenye siku yenyewe. Aliyewahi kumtoa mgonjwa hospitali anajua inavyokwenda. Raundi inapita asubuhi, daktari anasema aende. Mnapanga foleni ya malipo au ya kuhakiki bima, mnarudishwa kwa sababu kuna sahihi inakosekana, mnakwenda dirisha la dawa, dawa moja haipo, mtu anatumwa famasia ya nje. Mgonjwa muda wote huo ameshavishwa, amekaa kwenye benchi la korido na khanga begani kwa sababu kitanda chake kimepata mwenyewe. Saa kumi jioni ndipo muuguzi anakuja na karatasi, ana wagonjwa wengine thelathini, anasoma haraka haraka, na nyie masikio yenu yako kwenye gari linalosubiri nje. Mnaitikia "sawa, sawa". Hakuna aliyesikia.

Ndiyo maana nakuambia maswali yaulize Jumatano, yasisubiri Ijumaa. Na Ijumaa yenyewe siipendi. Mgonjwa akifika Iringa Jumamosi, akipata shida Jumapili, wataalamu wa kliniki atakayohudhuria hawapo mpaka Jumatatu. Muulize daktari, kwa adabu tu: "Daktari, tunasafiri mbali, inawezekana atoke Jumanne asubuhi?" Huenda akasema haiwezekani, kitanda kinahitajika, na atakuwa na haki. Lakini umeuliza, na kuuliza si jeuri.

Muulize pia kama mama anafaa kusafiri kwa basi. Dar hadi Iringa ni kilomita kama 500, ni kutwa nzima kwenye kiti, na mtu ambaye mguu mmoja hausogei akikaa kutwa bila kunyooshwa damu inaweza kuganda mguuni. Mkikubaliwa, kateni siti za mbele, shukeni naye kila basi linaposimama. Na tafadhali msimnyime maji eti asiombe kujisaidia njiani. Nunueni pampasi, anywe maji yake.

Karatasi ya kuruhusiwa msiipokee kabla hamjaielewa. Waulize ugonjwa umeandikwaje. Kwa mgonjwa wa kiharusi kuna neno moja ambalo ni lazima mlijue: mshipa uliziba au ulipasuka? Ulioziba, daktari anaweza kumwandikia aspirini ya kila siku. Uliopasuka, hiyo hiyo aspirini anayopewa na jirani kwa upendo inaweza kuleta balaa. Waulize vipimo viko wapi, na ile bahasha kubwa ya picha ya CT scan muondoke nayo, msiiache chini ya godoro la wodi. Waulize nani wa kumwona Iringa: hospitali gani, kliniki gani, tarehe gani. "Aendelee na kliniki" haitoshi. Ombeni barua yenye jina la mahali. Ombeni namba ya simu ya wodi. Na kila karatasi ipigwe picha itumwe kwa wifi kabla basi halijatoka Mbezi.

Basi, dawa. Hapa niacheni niseme kwa kirefu, maana hapa ndipo wazee wetu wanapoumia zaidi. Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mwaka 2017 kampeni yake ya kupunguza madhara ya dawa, lilitaja maeneo matatu ya kushughulikiwa kwanza, na moja lilikuwa hili hili la mgonjwa anapohama kutoka mahali pamoja pa matibabu kwenda pengine. Hawakulichagua kwa bahati nasibu.

Nenda nyumbani kwa mzee yeyote mwenye presha ufungue lile kopo lake la biskuti au mfuko wa kaki. Utakuta vibahasha vidogo vya hospitali vyenye "1×2" na "1×3" iliyoandikwa kwa kalamu, vingine wino umeshafifia. Utakuta karatasi za vidonge zilizokatwa katikati hadi jina limekatika. Utakuta dawa ya kliniki ya mwaka juzi, dawa aliyoachiwa na marehemu dada yake, na dawa ya mgongo aliyonunua mwenyewe dukani. Sasa mama anatoka hospitali na mfuko mpya. Mfuko wa zamani uko wapi? Uko kijijini, au ameshauweka kwenye begi la kwenda Iringa, kwa sababu wazee wetu hawatupi dawa.

Tatizo ni kwamba dawa moja ina majina mengi. Amlodipini ya presha inauzwa kwa majina ya biashara chungu nzima. Hospitali ya wilaya walimpa yenye jina moja, hospitali kubwa wamempa yenye jina jingine na kidonge cha rangi nyingine. Mama anameza zote mbili, anajiona mtiifu. Presha inashuka, anasimama usiku kwenda msalani, kizunguzungu, chini. Anavunjika nyonga. Halafu mtasema ni mikosi imeiandama familia.

Cha kufanya ni hiki. Siku moja kabla ya kuruhusiwa, lete hospitali kila kidonge mama alichokuwa anameza kabla ya kuugua. Kila kimoja, pamoja na mitishamba. Usione haya, daktari ameshaona majani ya kila aina, na anayefichwa hawezi kukusaidia. Vimwage vyote mezani mbele ya mfamasia au muuguzi na muulize kimoja kimoja: hii inaendelea, inaachwa, au inabadilishwa dozi? Inayoachwa, uliza kwa nini, andika kwenye daftari, kisha itengeni isirudi kwenye mfuko. Orodha yenu iwe na jina halisi la dawa, siyo la biashara, kazi yake kwa Kiswahili cha nyumbani ("ya presha", "ya kulainisha choo"), na saa ya kumeza. Ile "1×2" ibadilisheni kuwa maneno: kidonge kimoja asubuhi akinywa uji, kimoja usiku akitaka kulala. Nimeshaona mtu mzima mwenye digrii akichanganya 1×2 na 2×1, sembuse mjukuu wa darasa la sita aliyeachiwa bibi.

Kuna dawa mbili nazitaja kwa majina. Ya kwanza ni diklofenaki, hiyo ya maumivu inayouzwa kila duka. Kwa mzee mwenye presha inaweza kupandisha presha na kuchosha figo, kwa hiyo magoti yakiuma, mumuulize daktari cha kutumia badala yake. Ya pili ni glibenklamidi ya sukari. Bado imejaa kwenye makopo ya wazee wetu, na inaweza kushusha sukari kwa saa nyingi kwa mtu ambaye hajala vizuri. Shirika la Afya Duniani linasema haifai kwa wenye zaidi ya miaka 60. Usimwachishe mama dawa kwa sababu dada wa gazetini kasema. Muulize daktari: "Hii inamfaa kwa umri wake?" Akimwachisha, au akikueleza kwa nini aendelee nayo, utakuwa umepata jibu lenye maana.

Kama anachoma insulini, chupa zisizofunguliwa zinakaa kwenye friji, mbali na barafu, maana ikiganda haifai tena. Inayotumika inaweza kukaa nje ya friji mahali pa baridi kwa wiki kama nne. Kwenye basi ishike mkononi, usiitupe kwenye buti.

Na jambo ambalo wengi hawalijui: orodha ya taifa ya dawa muhimu imezipanga dawa kwa ngazi za vituo. Kuna dawa zinazoruhusiwa zahanati, nyingine zinaanzia hospitali ya wilaya, nyingine ni za mabingwa tu. Kwa hiyo dawa ambayo mama ameanzishiwa Dar inaweza isiwepo kabisa pale mnapotegemea kuchukua ya mwezi ujao, na bima isiilipie pale. Muulize mfamasia kabla hamjaondoka. Kama haitapatikana, daktari aliyeiandika ndiye wa kumbadilishia, siyo muuza duka wa mtaani atakayesema "hii ni ile ile".

Nyumba nayo iandaliwe kabla, siyo mgonjwa akiwa mlangoni. Sitasema mengi. Godoro la chini halifai, kuinuka ni vita. Kama choo ni cha kuchuchumaa, fundi seremala achukue kiti imara cha mbao akikate tundu katikati, ndoo ikae chini yake. Ni kazi ya nusu siku. Zulia linaloteleza liondoke, taa ya usiku iwepo, kandambili zilizoisha zitupwe. Mkono uliolegea msiuvute wakati wa kumnyanyua, bega huchomoka. Akilala, ageuzwe kila baada ya saa mbili na ngozi ya makalio na visigino iangaliwe kila siku, maana kidonda cha kulala huanza na wekundu tu, au weusi uliokolea kwa ngozi zetu. Akila, akae wima. Akikohoa kila anapokunywa maji, anapaliwa, na chakula kinachoingia mapafuni huleta nimonia. Uji mzito mara nyingi humezeka kwa urahisi kuliko maji. Muuguzi awaonyeshe, tena kama ana mpira wa mkojo waambieni waandike tarehe ya kuubadilisha.

Kuna jambo jingine la kumwambia wifi mapema asije akafungasha. Mzee akihamishwa mahali anaweza kuchanganyikiwa ghafla. Mchana mzima yuko sawa, ikifika usiku anaita watu waliokufa, anataka kwenda shambani, anamfukuza mkwe wake. Wengine watasema amerogwa, wengine watasema ndiyo uzee umefika. Kilichokuja ghafla, kikapanda na kushuka siku hiyo hiyo, kina sababu, na madaktari wanaiita deliriamu. Inaweza kuwa maambukizi ya mkojo, upungufu wa maji, choo kilichofunga, dawa mpya, au sukari iliyoshuka. Kwa mzee, homa inaweza isionekane kabisa, kuchanganyikiwa ndiyo homa yenyewe. Apelekwe hospitali. Na nyumbani mumpe miwani yake, khanga yake aliyoizoea, redio yake, mumwambie kila asubuhi leo ni siku gani na yuko kwa nani.

Dalili za kukimbia naye zibandikeni ukutani jikoni, kwa herufi kubwa: mdomo kupinda, mkono au mguu kulegea upya, maneno kukwama, kutoka jasho jingi na kutetemeka, kupumua kwa shida, mguu mmoja kuvimba, kulala kupita kawaida au kuchanganyikiwa ghafla, kutokojoa tangu asubuhi. Chini yake muandike namba ya bajaji inayopatikana usiku. Na yule mwenye daftari ampigie wifi siku mbili baada ya kufika, halafu kila baada ya siku kadhaa kwa wiki mbili za mwanzo. Usimuulize "mama hajambo?", atakujibu hajambo. Muulize: "Amekula nini leo? Vidonge vimebaki vingapi? Choo kapata lini?"

Huko Iringa waende pia zahanati ya karibu kujitambulisha, hata kama kliniki yake iko hospitali ya rufaa. Waulize kuhusu wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Serikali ilizindua mpango mkubwa wa kuwaajiri mwaka 2024, na mtu wa mtaani anayeweza kupita nyumbani kumtazama mgonjwa ni msaada usiopaswa kudharauliwa. Upande wa malipo, mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo ana haki ya kutibiwa bure kwa sera yetu ya wazee ya mwaka 2003. Kitambulisho chake kinapatikana halmashauri, na hospitalini mtu wa kumwona ni afisa ustawi wa jamii. Kama mmoja wenu ni mtumishi mwenye bima ya NHIF, mzazi anaweza kuandikishwa kama mtegemezi. Fuatilieni sasa, msingoje alazwe tena.

Niwageukie wengine kidogo, ambao wazee wao hawajalazwa popote. Nyinyi wa miezi mitatu kwa kaka Arusha, miezi mitatu kwa dada Tabata, Krismasi kijijini. Mnaona mnagawana mzigo kwa haki, na kwa moyo mnafanya vyema. Lakini kila anapohama baba anabadilisha duka la dawa, kliniki na mtu anayemhesabia vidonge. Daktari wa Arusha anampandishia dozi, dada wa Tabata anaendelea na ile ya zamani kwa sababu ndiyo iliyobaki kabatini. Huko ni kuhamisha mgonjwa sawa na hospitali kwa hospitali, tena bila barua ya rufaa. Baba akisafiri, daftari lisafiri naye, na dawa za mwezi mzima ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Anayemkabidhi na anayempokea wazimwage dawa mezani pamoja, hata kwa video. Kliniki ibaki moja kama mnaweza. Mkishindwa kabisa, afadhali wanaomtembelea ndio wazunguke, yeye atulie mahali pamoja.

Tena muulizeni mwenyewe. Mama yako, mdogo wangu, amekuwa akisikiliza mkipanga Iringa au Mbagala juu ya kichwa chake. Ulimi mzito haumaanishi akili imeondoka. Mshike mkono wenye nguvu, muulize kwa maswali ya ndiyo na hapana, abinye mkono akikubali. Anaweza kuwa na sababu ya kutotaka kwenda kwa kaka ambayo nyote hamuijui. Anaweza pia kutaka kwenda kuliko mnavyodhani.

Na nyinyi madaktari na wauguzi mnaoisoma kona hii mkiwa zamu ya usiku, najua mko wachache na wodi imejaa. Ninalowaomba ni dogo. Karatasi ya kumruhusu mzee iandikwe kwa mwandiko unaosomeka, yenye dawa alizoachishwa na sababu yake, jina la kituo kinachompokea na namba ya simu inayopokelewa. Kisha kabla hajaondoka, mwambieni yule atakayemtunza awaelezee nyinyi, kwa maneno yake, atampa mama nini asubuhi na nini usiku. Akikosea, bado mko naye hapo. Akikosea Iringa, hamko naye.